Mvua ya Aberdare, Pampu za Baricho: Jinsi Hali ya Hewa Inavyoamua Umeme wa Kilifi

Maji ya mfereji yakikosekana Malindi au Kilifi mjini, wakazi huuliza kwanza bomba limepasuka wapi. Si kila mara jibu huwa kwenye bomba. Maji hayo hutoka Baricho, kando ya Mto Sabaki, ambako visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa mto hutoa maji yanayosukumwa kwa pampu za umeme kuelekea Malindi, Kilifi na hadi sehemu za Mombasa. Stima zikipotea, pampu zinasimama. Zikisimama kwa saa kadhaa matangi hupungua, na anayeishi mahali pa mwinuko au mwisho wa bomba ndiye hukaukiwa kwanza na kurudishiwa maji mwisho.

Kwa hivyo kuandaa mfumo wa umeme kwa mabadiliko ya tabianchi si jambo la wahandisi wa Nairobi peke yao. Linamhusu mama anayepanga ndoo Kaloleni, muuguzi anayelinda friji ya chanjo Magarini, na mvuvi wa Mayungu ambaye barafu yake ikiyeyuka, samaki wa leo huuzwa kwa bei ya jana. Makala haya yanaeleza umeme unaotumika Kilifi hupita wapi, ukame, joto, chumvi na mafuriko huugusa katika hatua zipi, na ni nani mwenye jukumu la kuurekebisha.

Umeme hutoka mbali

Kilifi ina bahati ya kuwa mlango wa umeme wa Pwani. Kituo kikubwa cha Rabai hupokea umeme kutoka bara na kuugawa kwenda Mombasa, Kwale na upande wa kaskazini. Laini mojawapo huanzia Kiambere, kwenye Mto Tana, na kusafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Rabai ikiwa na nguvu ya kilovolti 220. Nyingine kubwa ni ile ya kutoka Nairobi hadi Mombasa, takriban kilomita 480, inayopita Mariakani. Kutoka Rabai, laini ya kilovolti 220 huelekea Malindi, Garsen na hatimaye Lamu, safari ya zaidi ya kilomita 300. Kabla ya laini hiyo, Lamu ilitegemea jenereta za dizeli.

Umeme mwingine huzalishwa hapa hapa. Rabai kuna kiwanda cha megawati 90 kinachotumia mafuta mazito, na Langobaya, Malindi, kuna uwanja wa sola ulioanza kulisha gridi mwishoni mwa 2021, wenye paneli za megawati 52. Mombasa nayo ina mitambo ya mafuta ya Kipevu. Hata hivyo Pwani haijitoshelezi. Sehemu kubwa ya umeme unaowasha taa za Mtwapa imepita juu ya mashamba, mbuga na mito ya kaunti nyingine kabla ya kufika, na popote ilipopita kuna upepo, moto, maji na wezi wa vyuma.

Wahandisi wana kanuni wanayoishikilia sana: mfumo ujengwe hivi kwamba kitu kimoja chochote kikianguka, kiwe laini, transfoma au mtambo, wateja wasitambue. Ni rahisi kuitamka kuliko kuitekeleza, kwa sababu maana yake ni kujenga njia ya pili ambayo siku nyingi haitahitajika. Mahali penye njia moja tu, tatizo la nguzo moja ni tatizo la kila mtu aliye mbele ya nguzo hiyo. Januari 11, 2022 nguzo za laini ya Kiambere kwenda Embakasi ziliporomoka na nchi nzima ikakosa umeme. Hapakuwa na tufani siku hiyo. Serikali ilisema nguzo hizo zilikuwa zimehujumiwa. Funzo lake kwa suala la hali ya hewa ni la moja kwa moja. Nguzo iliyokatwa vyuma vya miguuni leo inaweza kusimama miezi mingi, kisha upepo wa kusi wa kawaida tu ukaiangusha.

Ukame wa huko, bili ya hapa

Mto Tana una mabwawa matano ya umeme yaliyopangwa moja chini ya jingine: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Maji yaliyonyesha milima ya Aberdare na Mlima Kenya huzungusha mitambo ya Masinga, yakatoka yakazungusha ya Kamburu, na kuendelea hivyo hadi Kiambere. Kwa pamoja mitambo hiyo ina uwezo wa takriban megawati 600. Masinga, iliyojengwa kumalizika 1981, ndiyo akiba ya familia nzima: bwawa lake lilikusudiwa kubeba zaidi ya mita bilioni 1.5 za ujazo wa maji, na mabwawa ya chini huishi kwa kile linachoachilia.

Mpango huo ni mzuri mvua zikinyesha. Mwaka 2000, wakati Kenya ilitegemea maji kwa sehemu kubwa ya umeme wake, ukame ulileta mgao mkali. Viwanda vilipangiwa zamu, nyumba zikawashiwa kwa saa, na jenereta za dharura zikakodiwa kwa haraka na kwa bei ya haraka. Mwaka 2009 hali ilijirudia. Maji ya Masinga yalishuka hadi mitambo yake ikazimwa.

Tangu wakati huo nchi imebadilika kuliko wengi wanavyofahamu. Leo mvuke wa ardhini kutoka Olkaria ndio chanzo kikubwa zaidi cha umeme wa Kenya, ukitoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme unaozalishwa, na mvuke haujali kama mvua imenyesha. Kumeongezwa upepo wa Loiyangalani, megawati 310, na laini ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Ethiopia inayoleta umeme hadi Suswa. Huko ndiko kujiandaa kwa maana halisi: kutoweka mayai yote chini ya kuku mmoja. Zambia, ambayo hupata zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake kutoka kwa maji, ilionja upande wa pili mwaka 2024. Ukame uliposhusha maji ya Ziwa Kariba, wakazi wake waliishi gizani kwa saa nyingi kila siku kwa miezi.

Lakini Kenya haijaponea kabisa. Umeme wa Ethiopia ni wa maji pia, kwa hivyo ukame mpana wa ukanda huu unaweza kugusa Tana na mito ya Ethiopia katika msimu mmoja. Mabwawa ya maji yana kazi nyingine ambayo mvuke haiwezi kuifanya kwa wepesi uleule. Saa za jioni, kati ya saa moja na saa tatu usiku, nchi nzima huwasha taa, runinga na majiko kwa wakati mmoja, na ni mabwawa yanayoongeza nguvu kwa dakika chache. Gridi ikizima yote, mitambo ya maji huwa miongoni mwa ya kwanza kuwashwa ili kuamsha mingine. Masinga ikikauka, siyo megawati tu zinazopungua; kasi ya kusimama tena baada ya kuanguka hupungua pia.

Mkazi wa Kilifi huuona ukame huo mahali ambapo hakuutarajia: kwenye tokeni. Bei ya umeme ina kipengele cha gharama ya mafuta, ambacho mamlaka ya EPRA hukitangaza kila mwezi. Maji yakipungua, mitambo ya dizeli ikiwemo ya Pwani hufanya kazi zaidi, kipengele hicho hupanda, na shilingi mia tano hununua yuniti chache. Wengi hudhani mita imeharibika. Huenda mita ni nzima na ni mvua iliyokosekana Murang'a.

Kuna jambo jingine la Murang'a na Embu lisilozungumzwa vya kutosha huku Pwani. Kila mteremko unaolimwa bila matuta hupeleka udongo mtoni, na udongo huo hutulia ndani ya Masinga, ukichukua nafasi ya maji. Miti inayopandwa kwenye chanzo cha Tana ni sehemu ya mtambo wa umeme sawa na saruji ya ukuta wa bwawa.

Joto, na hasa chumvi

Waya wa umeme ukipata joto hurefuka na kulegea. Joto hilo hutoka sehemu mbili: jua linaloupiga na umeme unaopita ndani yake. Siku ya Februari isiyo na upepo, wakati hoteli za Watamu na nyumba za Malindi zimewasha viyoyozi na feni, mambo hayo mawili hukutana. Waya uliolegea hukaribia matawi ya mwembe au makuti ya mnazi, na mguso mmoja hutosha kuzima mtaa. Transfoma nazo hupozwa na mafuta yaliyo ndani yake, na kwa kawaida hupumzika usiku. Usiku ukiwa wa joto na matumizi yakiwa juu, transfoma haipumziki. Uhai wake hupungua kimyakimya hadi jioni moja inapolipuka, na watu husema imeharibika ghafla.

Hata paneli za sola, ambazo wengi hudhani hupenda joto, hupenda mwanga tu. Kila nyuzi moja ya selsiasi juu ya 25 kwenye uso wa paneli hupunguza uzalishaji kwa sehemu ndogo ya asilimia. Paneli iliyobanwa kwenye mabati bila nafasi ya hewa chini yake hutoa kidogo kuliko iliyoinuliwa. Ni marekebisho ya gharama ndogo ambayo fundi mzuri huyafanya bila kuombwa.

Tatizo la Pwani ambalo bara hawalijui sana ni chumvi. Waya hauguswi na nguzo. Hushikwa na vikombe vya kauri au vya mpira mgumu ambavyo umeme haupiti. Upepo wa baharini hupaka vikombe hivyo chumvi na vumbi siku baada ya siku. Wakati wa kiangazi chumvi kavu haina madhara. Kisha huja manyunyu ya kwanza, au umande mzito wa alfajiri. Chumvi hulowa, hugeuka njia ya umeme, na umeme huruka kutoka kwenye waya hadi kwenye nguzo kwa cheche na mlio. Ndiyo maana stima hupotea kwa mvua ndogo isiyoweza hata kulowesha shamba, ilhali mvua kubwa ya wiki inayofuata hupita salama: imekwisha kuosha vikombe.

Kiangazi kikizidi kurefuka, chumvi hupata muda mrefu zaidi wa kujikusanya kabla ya kuoshwa. Dawa yake inajulikana. Vikombe huoshwa kwa ratiba kabla ya msimu wa mvua, au hubadilishwa na vya mpira wa silikoni vyenye uso mrefu zaidi unaosukuma maji. Vyuma vya karibu na bahari hupakwa zinki au hutumiwa aina isiyoshika kutu. Hakuna ufundi mgeni hapo. Kinachokosekana popote duniani penye tatizo hili ni fedha za matengenezo, kwa sababu kuosha kikombe hakuna uzinduzi wala utepe wa kukata.

Nguzo za mbao nazo zina maadui wao: mchwa, kuoza penye udongo uliotuama maji, na moto wa kusafisha shamba. Ganze na Magarini ni kawaida kuchoma vichaka kabla ya mvua, na moto ukifika kwenye nguzo iliyopakwa dawa ya mafuta huendelea kuila ndani hata baada ya shamba kuzimika. Nguzo za zege haziliwi wala haziungui, lakini ni nzito. Kuzifikisha kijijini kupitia barabara ya matope ni kazi nyingine na gharama nyingine. Kuzika waya ardhini huondoa shida ya upepo na matawi, ila bei yake ni mara kadhaa ya waya wa juu, na kuitafuta hitilafu chini ya barabara iliyofurika si jambo la saa moja. Hakuna chaguo lisilo na bei, na bei yote hatimaye hurudi kwenye bili.

Mto wa Nairobi unaofika Magarini

Sabaki ni jina la mwisho la mto wenye majina matatu. Huanza kama Athi katika nyanda za juu karibu na Nairobi, huitwa Galana baada ya kukutana na Mto Tsavo, na huingia baharini kaskazini mwa Malindi ukiwa Sabaki. Mvua kubwa ikinyesha Nairobi, maji yake huchukua siku kadhaa kufika Magarini, mara nyingine chini ya anga isiyo na wingu. Wakati wa mafuriko ya Machi hadi Mei 2024, yaliyoua watu karibu 300 kote nchini, ndivyo mto huo ulivyojaa.

Kwa umeme, mafuriko huja kwa njia tatu. Maji hulainisha udongo na nguzo zikainama bila upepo wowote. Maji huingia kwenye vituo na masanduku ya mita, ambako lazima umeme uzimwe hata kama waya ni wazima. Na maji hukata barabara, hivyo gari la mafundi lenye ngazi na transfoma haliwezi kufika kwenye hitilafu inayojulikana ilipo. Njia hii ya tatu ndiyo hurefusha giza. Daraja na barabara ya murram ni sehemu ya mfumo wa umeme, ingawa haziandikwi kwenye ramani ya umeme.

Upande wa kaskazini wa kaunti una uzito wa ziada, kwa sababu laini ya kutoka Malindi hadi Lamu huvuka Sabaki na Tana. Tana nayo ina mambo yake. Mabwawa yale yale yanayosinyaa wakati wa ukame hufurika mvua zikizidi, na maji yanayomwagika juu ya kuta zake hushuka hadi Garissa, Hola na Garsen. Maana ya laini ya Garsen–Hola–Garissa, iliyo kwenye miradi ya kampuni ya KETRACO, iko hapo: kuipa Garsen mlango wa pili, ili mto ukiharibu upande mmoja umeme upite upande mwingine.

Je, vimbunga? Kilifi iko kati ya nyuzi tatu na nne kusini mwa ikweta, na karibu hivyo na ikweta vimbunga hukosa nguvu ya kujizungusha. Msumbiji haina kinga hiyo. Machi 2019 kimbunga Idai kiliipiga Beira, na mbali na uharibifu wa jiji hilo, laini zinazotoka bwawa la Cahora Bassa ziliangushwa. Afrika Kusini, ambako upepo huo haukufika, ilikosa karibu megawati 1,000 na mgao wa umeme ukazidi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Tanzania kwenye Kisiwa cha Mafia, na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya ikatoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi kwa Pwani yetu. Wapangaji hawatakiwi kujenga kana kwamba Beira ni hapa. Wanatakiwa kuuliza tu: upepo ambao nguzo hizi zilipimwa kuuhimili ulipimwa lini?

Swali hilo ndilo kiini cha jambo lote. Nguzo, bwawa au transfoma huchorwa kwa kutazama kumbukumbu za zamani: mvua kubwa zaidi iliyowahi kunyesha, joto la juu zaidi, mto ulipofika. Kisha chombo hicho hukaa muda mrefu sana. Kindaruma iliwashwa 1968 na bado inafanya kazi. Kituo kitakachojengwa Kilifi mwaka huu kitakuwa kazini wakati watoto wa chekechea wa leo ni wazazi. Kukijenga kwa vipimo vya mvua ya babu zao ni kukijenga nusu.

Nani anawajibika kwa lipi

Serikali ya Kaunti haimiliki mabwawa, laini kubwa wala transfoma za mitaani. KenGen na kampuni nyingine huzalisha, KETRACO hujenga laini kubwa za kusafirisha, Kenya Power husambaza na kuuza, shirika la REREC hushughulikia umeme wa vijijini, na EPRA husimamia bei, leseni na viwango. Mkazi anayefika katika ofisi ya wadi kulalamikia transfoma hajakosea sana, lakini ofisi hiyo haiwezi kumtuma fundi.

Hata hivyo kaunti haiko mikono mitupu. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti majukumu katika usambazaji wa umeme na gesi ndani ya mipaka yake, na Sheria ya Kawi ya 2019 inazitaka kaunti kuandaa mipango yao ya kawi ili ijumuishwe katika mpango wa kitaifa. Mpango kama huo una maana ukisema mambo mahususi: vituo vipi vya afya na pampu zipi zirudishiwe umeme kwanza, maeneo gani hufurika na hayafai kuwekwa transfoma, vijiji vipi viko mbali mno na laini hivi kwamba sola ya kijiji ni nafuu kuliko nguzo mia mbili.

Kaunti pia ndiyo hupitisha ramani za majengo na kugawa matumizi ya ardhi. Laini kubwa zina ardhi yao ya kando isiyoruhusiwa ujenzi: upana wa mita 30 kwa laini ya kilovolti 132, mita 40 kwa 220 na mita 60 kwa 400. Anayejenga kibanda chini ya laini anahatarisha maisha yake, na anawazuia mafundi kufika siku laini hiyo itakapoanguka. Hali ni hiyo hiyo kwa miti. Mzozo wa Kenya Power na mwenye mnazi uliofika kwenye waya ni wa kila msimu, na si wa kudharau, kwa kuwa mnazi ni mali. Njia ya busara ni kupanda mbali na laini tangu mwanzo na kukubali kupogoa mapema badala ya kungoja mti ukatwe shina usiku wa dhoruba.

Kubaki na mwanga wakati gridi imelala

Hakuna gridi isiyozimika. Kwa hivyo nusu ya maandalizi ni kuhakikisha baadhi ya vitu haviitegemei yenyewe tu. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi. Friji ya kawaida ikikosa umeme siku nzima kwenye joto la Magarini huzitoa nje ya kiwango hicho. Zipo friji za chanjo zinazotumia sola moja kwa moja na kuhifadhi ubaridi kwenye barafu yake ya ndani badala ya betri. Pampu za visima vya vijijini nazo hufaa sana kwa sola, kwa sababu maji yanaweza kusukumwa mchana na kungoja tangini usiku. Tangi ndiyo betri.

Kwa mwenye sola nyumbani, jambo moja huwashangaza wengi. Sola iliyounganishwa na gridi bila betri huzimika gridi inapozimika, hata jua likiwa la utosini. Imewekwa hivyo makusudi, ili umeme wa paa lako usimuue fundi anayerekebisha waya barabarani. Anayetaka mwanga wakati wa kukatika anahitaji betri na inverta inayoweza kujitenga na gridi, na fundi mwenye leseni ya EPRA wa kuifunga. Jenereta nayo isiunganishwe kwenye soketi ya ukutani hata kwa saa moja, kwa sababu iyo hiyo.

Wakazi wanaotaka zahanati au kisima chao kiwekewe sola wana mahali pa kulisema. Vikao vya umma vya bajeti na vya Mpango Jumuishi wa Maendeleo ya Kaunti ni mahali pamoja; kamati za wadi za kupanga masuala ya tabianchi, zilizoundwa chini ya mpango wa FLLoCA, ni pengine. Ombi linaloandikwa likitaja idadi ya watu wanaohudumiwa, siku ambazo umeme ulikosekana na kilichoharibika hupata sikio haraka kuliko malalamiko ya jumla. Daftari la muuguzi linaloonyesha tarehe ambazo friji ilizima lina nguvu kuliko hotuba.

Kabla ya masika

Wiki za mwisho za kiangazi ndizo za kutazama juu. Nguzo iliyoinama, iliyooza chini, iliyoungua au iliyokatwa vyuma, waya uliolegea hadi kufikika, transfoma inayovuja mafuta: yote haya yaripotiwe Kenya Power kwa namba 97771 au kwa kubonyeza *977#. Anayepiga simu ataje namba ya mita yake au ya jirani wa karibu, jina la kijiji na alama inayoonekana, kama shule au msikiti, na aombe namba ya ripoti aihifadhi. Anayeona watu wakifungua vyuma vya nguzo kubwa amjulishe chifu au polisi mara moja.

Waya ukianguka, uhesabiwe kuwa una umeme hata kama mtaa mzima umezimika. Asikaribie mtu, asiugeuze kwa kijiti kikavu, na watoto na mifugo wazuiliwe mbali, hasa ardhi ikiwa imelowa, kwa kuwa umeme hutembea kwenye tope. Maji yakianza kuingia nyumbani na swichi kuu bado iko pakavu, izimwe. Yakishafika kwenye swichi au mita, isiguswe kabisa. Watu watoke na Kenya Power ijulishwe ikate umeme kutoka kwenye nguzo. Baada ya maji kushuka, soketi na waya zilizolowa zikaguliwe na fundi mwenye leseni kabla ya swichi kurudishwa, hata kama zinaonekana zimekauka.